Milimita 22: Kupima Maboya ya Kabureta za Honda ya Zamani

Mtu anapoleta pikipiki ya zamani yenye kabureta nne, yaani vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na kulalamika kwamba inakunywa petroli kupita kiasi, inatoa moshi mweusi, inanuka ikiwa imeegeshwa na kuzimikazimika kwenye foleni, mafundi wengi huanza na skrubu za nje. Skrubu ya hewa huzungushwa, ile ya mwendo wa injini huzungushwa, plagi hubadilishwa, na hali ikikataa kutengemaa, jeti, yaani vipande vya shaba vyenye tundu linalopima petroli, hung'olewa na kuwekwa nyingine ndogo zaidi. Siku hiyo pikipiki hupata nafuu kidogo. Wiki mbili baadaye inarudi na malalamiko yale yale, safari hii ikiwa na jeti ambazo kiwanda hakikuzikusudia, na anayeipokea hana tena pa kuanzia.

Ninaamini kwa dhati kwamba kazi hiyo inaanzwa upande usio wake. Kabla ya kugusa jeti, sindano ya slaidi (slaidi ni kizibo kinachopanda na kushuka kufungua njia ya hewa) au skrubu yoyote, ni lazima kimo cha boya, kile kidude kinachoelea kwenye petroli ndani ya kabureta, kipimwe kwenye kila kabureta na kurejeshwa kwenye kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki hiyo. Boya halikuwekwa ndani ya kabureta ili limsaidie fundi kuipunguzia au kuiongezea injini mafuta. Liliwekwa ili petroli ibaki kwenye kimo kimoja wakati wote, na waliochagua ukubwa wa jeti, unene wa sindano na upana wa matundu ya hewa walifanya hesabu zao zote kwa kutegemea kimo hicho. Kimo kikipotea, hesabu hizo zote hazina maana tena, hata kama kila kipande ni kipya na safi.

Pikipiki ninayoizungumzia ni Honda CB500 Four, iliyoingia sokoni mwaka 1971, miaka miwili baada ya CB750 kuionyesha dunia kwamba injini ya silinda nne zilizopangwa safu moja inaweza kuuzwa kwa mtu wa kawaida. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 498, na kila silinda ina kabureta yake ya Keihin yenye koo, yaani njia ya hewa, la milimita 22. Mwaka 1974 ilifuatiwa na CB550, ambayo katika mambo haya ya maboya ni ndugu yake wa damu. Yangu niliirithi kwa mjomba baada ya kukaa stoo miaka mingi ikiwa na petroli iliyogeuka ulimbo ndani ya kabureta zote nne, na ndiyo iliyonifundisha mengi ya haya. Hapa Nairobi pikipiki za kizazi hicho si nyingi. Zinaonekana zaidi kwenye maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako pikipiki hushindanishwa pamoja na magari na majaji hawaoni haya kupiga magoti kuchungulia tumbo la injini.

Namna boya linavyofanya kazi anaifahamu yeyote aliyewahi kupanda juu ya paa kutazama tangi la maji. Maji yakipungua, boya hushuka na kufungua valvu. Maji yakijaa, boya hupanda na kuifunga. Ndani ya kabureta mambo ni hayo hayo kwa udogo. Petroli hushuka kutoka tangini kwa uzito wake yenyewe, hupita kwenye kiti cha shaba, na kuingia katika bakuli lililo chini ya kabureta. Humo mna boya lenye vyumba viwili vilivyofungwa hewa, lililoning'inizwa kwenye pini nyembamba. Karibu na pini hiyo boya lina kibati kidogo ambacho nitakiita ulimi, na ulimi huo ndio unaoisukuma sindano ya boya ikazibe tundu la kiti petroli inapofika kimo kinachotakiwa. Wazo la bakuli lenye kimo kisichobadilika si geni hata kidogo: Donát Bánki na János Csonka wa Hungaria walisajili kabureta ya namna hiyo mwaka 1893, na Wilhelm Maybach wa Ujerumani alikuwa akiifanyia kazi kabureta yake ya kunyunyiza petroli wakati huo huo. Zaidi ya miaka 70 baadaye, wahandisi walioichora CB500 walikuwa bado wanategemea jambo lile lile.

Sasa tuitazame petroli yenyewe ikiwa ndani ya bakuli, kwa sababu hapa ndipo milimita zinapopata uzito. Mdomo wa mrija unaoipeleka petroli kwenye koo la kabureta uko juu kidogo ya uso wa petroli. Hewa inapopita kooni kwa kasi, msukumo wake hupungua, na hewa ya kawaida iliyo ndani ya bakuli huisukuma petroli ipande mrijani hadi imwagike kooni ikiwa matone madogo madogo. Tofauti ya kimo kati ya uso wa petroli na mdomo wa mrija ndiyo mlima ambao kila tone linalazimika kuupanda. Ukiufupisha, petroli itatoka mapema na kwa wingi. Ukiurefusha, itachelewa, na itakapotoka itakuwa haba.

Petroli ikiwa juu mno, dalili zake hazifichiki. Plagi huwa nyeusi zenye masizi makavu, injini husitasita ukifungua mafuta kidogo baada ya kusimama kwenye taa, na harufu ya petroli hutangulia kukupokea ukifungua mlango wa gereji. Ikizidi hapo, petroli humwagika kupitia mrija wa kutolea ziada, na mrija huo ukiwa umeziba, hupenya kwenye silinda na kushuka hadi kwenye oili ya injini. Hilo nalichukulia kwa uzito mkubwa kuliko yote. Chomoa kijiti cha oili na ukinuse, na ukisikia petroli usiiwashe injini kabla ya kubadilisha oili yote, kwa kuwa oili iliyochanganyika na petroli haina uwezo wa kuzilinda beringi za fito, na katika injini hii oili inayolainisha injini ndiyo hiyo hiyo inayolainisha gia na klachi.

Petroli ikiwa chini mno, pikipiki hukudanganya kwa sababu huenda vizuri ukiwa mtaani. Injini hupata moto haraka, hutoa milio ya kupasuka kwenye ekzosi unapofunga mafuta, na unapoifungulia yote kwenye barabara ndefu hukimbia kwa muda, kisha hulegea ghafla kana kwamba tangi limekauka. Ukipunguza mwendo, bakuli hujaa na nguvu hurudi. Watu wengi hulaumu koki ya tangi au koili za umeme, na wakati mwingine huwa wana haki, lakini bakuli ambalo tangu mwanzo lina petroli pungufu ndilo linalowahi kuishiwa.

Katika injini ya silinda nne kuna tatizo la tatu ambalo mwenye pikipiki ya silinda moja hana haja ya kulifikiria, nalo ni kutolingana. Kabureta tatu zinaweza kuwa sawasawa na ya nne ikawa imepotoka kwa milimita mbili, na injini yote ikatetemeka kwa ajili yake. Plagi nne zikipangwa mezani kwa mpangilio wa silinda zake, kuanzia ya kwanza iliyo upande wa mguu wa kushoto hadi ya nne, husema mengi: tatu za rangi ya kahawa na moja nyeusi, na tayari unajua bakuli la kufungua kwanza.

Kabla sijaingia kwenye vipimo, nizungumzie kosa ambalo limeenea sana hapa kwetu nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 16, na kwa kuwa kabureta haina namna ya kuutambua wepesi huo, mchanganyiko wa petroli na hewa huwa mzito kwa takriban asilimia 8 au 9 kuliko ulivyokusudiwa. Tatizo hilo ni la kweli na linahitaji tiba. Lakini wapo wanaolitibu kwa kukunja ulimi wa boya ili petroli ishuke bakulini, kwa hoja kwamba petroli ikishuka mchanganyiko utakuwa mwepesi. Utakuwa mwepesi, ila si mahali panapotakiwa. Slaidi inapoanza tu kufunguka, mvuto kwenye mrija wa jeti kubwa, ile inayolisha injini slaidi inapofunguka, ni hafifu, kwa hiyo milimita mbili za mlima ni sehemu kubwa ya nguvu iliyopo, na petroli hukatika kabisa kwa nukta kadhaa. Slaidi ikiwa imefunguka yote, mvuto ni mkubwa kiasi kwamba milimita hizo mbili hazitikisi chochote, na moshi mweusi unabaki pale pale, isipokuwa pale bakuli linapoishiwa kabisa. Umeharibu mwanzo wa mwendo bila kutengeneza mwisho wake. Tiba sahihi ya mwinuko ni kuweka jeti kubwa yenye namba ndogo kidogo kuliko 100 ambayo kiwanda kiliiweka, au kuihamisha klipu ya sindano ya slaidi mtaro mmoja kwenda juu ili sindano ishuke, na kuliacha boya kwenye milimita zake. Ukiteremka na pikipiki hiyo hadi Pwani, unarudisha jeti na klipu, na boya halina habari na safari yako.

Milimita zenyewe kwa CB500 na CB550 ya mwanzo ni 22. Kwa CB750 za miaka ile ni 26, na kwa CB400 Four ni 21. Nazitaja zote tatu kwa sababu nimeona watu wakichukua kipimo cha pikipiki moja na kukitumia kwa nyingine, wakidhani kwamba kabureta za kampuni moja zina kimo kimoja. Kipimo ni cha aina hiyo ya kabureta na umbo la boya lake tu, na kwa pikipiki yoyote nyingine kitafute kwenye kitabu chake.

Uzuri mmoja wa kabureta hizi za Keihin ni kwamba bakuli halikufungwa kwa skrubu bali kwa kibano cha waya wa springi, ambacho hukisukuma kwa kidole kikaachia. Kwa hiyo unaweza kulishusha bakuli bila kuing'oa safu nzima ya kabureta, na anayejua taabu ya kuzirudisha kabureta nne kwenye mipira yake migumu ya miaka 50 ataithamini sana fursa hiyo. Hata hivyo, kwa kazi ya kupima maboya mimi huishusha safu yote. Ukiwa umelala chini ya pikipiki huwezi kuigeuza kabureta, huwezi kuiinamisha kwa pembe unayoitaka, na jicho lako haliwi mkabala na kipimo. Fanya kazi nje au mlango ukiwa wazi, mbali na jiko na sigara, na petroli iliyomo kwenye mabakuli uimwage kwenye kopo la bati, kwa maana plastiki nyingine huyeyuka.

Usikunje chochote bado. Kimo kilichopotoka mara nyingi ni dalili ya kitu kilichochakaa, na kuukunja ulimi ili kufidia kitu kilichochakaa ni kuficha ugonjwa. Nianze na boya. Maboya ya shaba yaliunganishwa kwa lehemu, na uzee hufungua vitundu ambavyo jicho halivioni. Litikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ikichezacheza ndani, limetoboka. Kama husikii kitu, lizamishe kwenye maji ya moto, na hewa iliyo ndani ikipata joto itatoka kwa povu jembamba pale penye tundu. Linaweza kuzibwa kwa lehemu baada ya kulikausha kabisa, lakini tone la lehemu lina uzito, na boya lililoongezeka uzito huelea chini zaidi, likachelewa kuifunga sindano na kuipandisha petroli. Kwa hiyo tumia lehemu kidogo iwezekanavyo, na lipime upya boya hilo hata kama lilikuwa sawa kabla ya kutoboka.

Sindano ya boya ina ncha ambayo ikichakaa hufanya mfereji mwembamba kuizunguka pale inapokutana na kiti. Itazame kwenye mwanga ukiwa na kioo cha kukuzia. Ukiuona mfereji, sindano hiyo haitaziba tena hata ukilikunja boya kiasi gani. Kiti chenyewe kinachomoka, na kinazungukwa na pete nyembamba ya mpira ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Pete hiyo ikikauka na kupasuka, petroli hupita pembeni ya kiti bila kuiuliza sindano ruhusa, na bakuli hufurika huku sindano ikiwa imefunga barabara. Kama bakuli linafurika na sindano ni mpya, shuku pete hiyo kabla ya kushuku kipimo.

Na sasa nifike kwenye mrija wa kutolea ziada, ambao kwenye kabureta hizi umewasumbua watu wengi kuliko maboya yote. Ndani ya bakuli umesimama mrija mwembamba wa shaba ambao mdomo wake uko juu ya kimo cha kawaida cha petroli. Petroli ikipanda kupita kiasi, huingia kwenye mdomo huo na kushuka hadi kwenye mpira unaoelekea chini. Ni ulinzi mzuri sana. Lakini mrija huo, baada ya miaka mingi ya joto na mtetemo, hupasuka kwa urefu, na ufa wake huanza chini ya uso wa petroli. Petroli hupita kwenye ufa na kudondoka sakafuni tone kwa tone, na mwenye pikipiki huapa kwamba boya limepanda. Fundi naye hulikunja boya, petroli ikashuka bakulini hadi chini ya ufa, na kudondoka kukakoma. Kila mtu anafurahi, na pikipiki inaanza kulegea kwenye barabara ndefu.

Kuujua ufa huo hakuhitaji chombo chochote. Lifute bakuli likauke kabisa, lijaze petroli hadi karibu na mdomo wa mrija bila kuufikia, liweke juu ya karatasi nyeupe na uliache kwa muda. Karatasi ikilowa chini ya njia ya kutokea, mrija umepasuka. Kwenye bakuli la kabureta yangu ya tatu ufa ulikuwa mwembamba kuliko unywele, ukionekana tu pale mwanga wa dirishani ulipougusa kwa upande, na petroli ilikuwa ikijikusanya juu yake kwa unyevu ambao ungeweza kuufuta kwa kidole na kuuona ukirudi. Mrija husafishwa kwa msasa laini, hupakwa dawa ya kulehemia, kisha lehemu huachwa itiririke kwenye ufa wote kwa joto la wastani. Jambo la kulinda ni urefu wa mrija: usiukate, wala usiuzibe mdomo wake. Bakuli ambalo ulinzi wake umezibwa ili lisidondoshe ni hatari kwa injini na kwa nyumba.

Vikishakuwa vizima vyote, ndipo upime. Iondoe gasketi ya mpira inayokaa kati ya bakuli na mwili wa kabureta, kwa kuwa kipimo huanzia kwenye chuma kitupu. Igeuze kabureta kichwa chini, kisha iinamishe pole pole hadi ulimi wa boya uguse tu sindano bila kuikandamiza. Hapa pana hila ambayo huwaponyoka hata mafundi wazoefu. Sindano nyingi zina kipini kidogo chenye springi kwenye mkia wake, cha kupunguza mtetemo, na ukiliacha boya lilale kwa uzito wake wote, springi hiyo hubonyea na kukupa kipimo cha uongo. Boya linatakiwa liwe limefika pale ambapo sindano imefunga na springi bado imesimama. Mimi huinamisha kabureta, hulisukuma boya kwa ncha ya ukucha, na kukitazama kipini hicho kwa jicho moja: kinapotaka kuanza kuzama, narudi nyuma unywele mmoja, na hapo ndipo napima. Kutoka kwenye uso wa chuma hadi ukingo wa boya ulio mbali zaidi, milimita 22. Kalipa nzuri, ile rula ya chuma yenye taya za kupimia, inatosha, lakini kipande cha bati gumu kilichokatwa kwa milimita 22 kamili hukupa mkono mwepesi zaidi, kwa sababu unakisimamisha kwenye chuma na kuona mara moja kama boya linakigusa, linakiinua au linakiachia mwanya. Vyumba viwili vya boya vipimwe kila kimoja. Kimoja kikiwa juu kuliko kingine, mkono wa boya umepinda na unyooshwe kwanza.

Kuna jambo hapa linalowachanganya watu, na naomba lisomwe taratibu. Kwa kuwa tunapima kabureta ikiwa kichwa chini, namba kubwa maana yake ni petroli ndogo. Boya linalosoma milimita 24 huifunga sindano mapema, na petroli hubaki chini. Linalosoma 20 huchelewa kufunga, na petroli hupanda. Ukiukunja ulimi kuelekea kwenye sindano, kipimo huongezeka. Ukiurudisha nyuma, hupungua. Na kwa kuwa ulimi uko karibu sana na pini huku boya likiwa mbali, badiliko dogo kwenye ulimi huwa kubwa mara kadhaa kwenye ukingo wa boya. Nusu milimita hapa inaweza kuwa milimita mbili kule. Kwa hiyo ulimi haukunjwi kwa nguvu ya koleo. Liondoe boya na pini yake, shika ulimi kwa koleo yenye ncha nyembamba, na uusukume kwa bisibisi ndogo kiasi ambacho hukuhisi kama umesogea. Rudisha, pima, toa tena. Shaba inayokunjwa mbele na nyuma mara nyingi huchoka na kukatika, na boya la namna hiyo si rahisi kulipata tena. Usiukunje ulimi ukiwa juu ya sindano hata siku moja, maana nguvu yote itaishia kwenye ncha inayotakiwa kuziba.

Pikipiki nyingi za bodaboda za siku hizi zina boya la plastiki ambalo hata ulimi wake ni plastiki, na halikunjiki. Likipotoka hutupwa likawekwa jipya. Nadhani ndiyo sababu vijana wengi wenye mikono mizuri sana ya ufundi hawajawahi kuukunja ulimi hata mara moja, na pikipiki ya zamani ikiwafikia hawafikirii kabisa kwamba pale pana kipimo.

Kipimo cha kichwa chini ni cha kukufikisha karibu na ukweli. Kinachoamua ni petroli yenyewe ikiwa ndani ya bakuli. Ukiwa na boliti ya ziada ya kutolea petroli chini ya bakuli, itoboe katikati, uichomekee mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, uifunge, kisha uusimamishe mrija huo ubavuni mwa kabureta na kuachia petroli. Petroli itapanda mrijani hadi kimo kile kile ilichonacho ndani, nawe utaisoma dhidi ya mstari ambapo bakuli linakutana na mwili wa kabureta. Inapanda haraka mwanzoni, halafu inasita, halafu inapanda tena kidogo kwa mwendo wa kuvizia mpaka sindano inapofunga. Usisome kabla haijatulia kabisa. Pikipiki, au ubao ulioshikilia kabureta, uwe umenyooka sawasawa, si kwenye stendi ya pembeni. Chupa ya petroli unayotumia badala ya tangi iwe kwenye kimo cha tangi, kwa sababu petroli iliyo juu zaidi huisukuma sindano kwa nguvu zaidi. Fanya hivyo kwa kabureta zote nne na uchore alama kwa kalamu kwenye kila moja. Ninachokitafuta kwanza ni alama nne zilizo kwenye mstari mmoja. Kabureta ambazo zote zimeshuka kwa nusu milimita zitaendesha pikipiki vizuri kuliko kabureta tatu zilizo kamili na moja iliyopotoka.

Mara nyingi jaribio hili hufichua kilichojificha kwenye vipimo vikavu, na mhusika mkuu huwa ni vifaa vya kununua kwa seti. Katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, na hata kwenye maduka ya mtandaoni, utapata seti yenye sindano, kiti, jeti na pete kwa bei nafuu. Seti moja niliyonunua, kwenye duka nisilolitaja, ilikuwa na sindano nne ambazo urefu wake haukulingana. Kwenye kalipa tofauti ilionekana ndogo, lakini kwenye mrija wa plastiki alama zilipishana vibaya. Tangu hapo mimi hupima kila sindano mpya kabla ya kuifunga, na viti vya shaba vya zamani huvisafisha na kuvirudisha maadamu havijalika. Jeti za zamani zenye chapa ya Keihin usizitupe kamwe, hata ukiwa na seti nzima ya mpya mkononi.

Hata petroli yenyewe ina neno. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 740, na ya mafuta ya taa takriban gramu 800. Boya huelea juu zaidi kwenye kimiminika kizito, kwa hiyo petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifunga sindano mapema kidogo. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita moja ya mafuta ya taa mahsusi ili kuondoa faida ya kuyachanganya, na naamini ilikuwa hatua ya busara. Ukikuta kabureta uliyoipima mwenyewe inatoa mrijani kimo tofauti na cha jana, jaribu kwanza petroli ya kituo kingine kabla ya kurudi kwenye koleo.

Baada ya hayo kabureta zinarudi mahali pake, kichungi kipya kidogo kinawekwa kwenye mpira wa petroli ili kutu ya tangi la zamani isije ikakaa kwenye kiti cha sindano, na koki inafunguliwa huku injini ikiwa imezimwa. Subiri dakika chache ukitazama mipira minne ya chini. Ikiwa mikavu, washa, iache ipate moto vizuri, kisha uiendeshe kwenye barabara ya kupanda ukiwa umefungua nusu ya mafuta, uizime hapo hapo kwa swichi huku umeshika klachi, na uzitoe plagi zote nne. Rangi zikiwa zimekaribiana, maboya yamemaliza kazi yake, na sasa ndipo unapoweza kufungua zile skrubu ndogo kwenye njia za hewa, ukachomeka geji nne za mvuto na kuanza kuzilinganisha slaidi, ukijua kwamba tofauti yoyote utakayoiona kwenye geji inatoka kwenye slaidi au valvu, wala si kwenye bakuli.